Bikoni za Msimbo

Kwenye hazina ya msimbo wa Linux kuna tagi moja, yaani jina lililobandikwa, ambayo kila nikiipitia nasimama kidogo. Inaitwa v2.6.11-tree. Karibu jirani zake wote wanaelekeza kwenye hatua fulani ya historia: siku fulani mtu fulani alihifadhi kazi yake, na nyuma ya hatua hiyo kuna nyingine, na nyingine tena. Hii haina kitu nyuma yake. Inaonyesha tu jinsi faili zote za toleo la 2.6.11 zilivyokuwa zimepangwa, basi. Haina aliyezihifadhi, haina jana.

Kisa chenyewe ni hiki. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alianza kuunda Git, mfumo wa kutunza historia ya msimbo, mwezi Aprili 2005, baada ya waandishi wa kerneli, yaani kiini cha Linux, kupoteza ruhusa ya kutumia bure BitKeeper, mfumo wao wa awali, na historia ya kerneli ndani ya Git ikaanzia tarehe 16 ya mwezi huohuo, kwenye 2.6.12-rc2. Toleo la 2.6.11 lilikuwa limetoka Machi, likabaki nje ya ua. Sasa anayetaka kujua kilichobadilika tangu toleo lile alinganishe na nini? Torvalds akaziingiza zile faili, akazipa jina, na ndani ya tagi akaandika maelezo mafupi: kitu hiki hakina komiti, yaani hatua iliyohifadhiwa, kwa sababu kilitokea kabla hajaanza kutumia Git, siku moja historia ya zamani itaingizwa iungane hapa, kwa sasa jina hili ni nanga ya kulinganishia. Miaka imekwenda, na nanga iko palepale.

Nanga nawaachia mabaharia. Mimi ninapowafundisha vijana kazi hii natumia bikoni. Aliyewahi kununua kiwanja anazijua: vile vigingi vifupi vya zege kwenye pembe za kiwanja, vyenye namba, ambavyo mpimaji huvifukia hadi vikabaki vimechungulia tu. Bikoni haiongezi hata unyayo mmoja wa ardhi, wala haioti mhogo. Lakini jirani, benki, baraza la ardhi na mjukuu ambaye hajazaliwa, wote wataanza kuhesabia hapo. Ndiyo maana mpimaji anayejua kazi hutumia nusu saa kuhakikisha mahali na dakika tano kuchimba.

Tagi nayo ni hivyo. Mwandishi wa programu anapofanya kazi ndani ya Git, kila hatua anayoihifadhi ni komiti, na kila komiti hupewa alama inayotokana na kilichomo ndani yake, kwa hesabu ya SHA-1: herufi na tarakimu 40 zilizopangana bila maana yoyote kwa binadamu. Ukibadilisha nukta moja ndani ya faili moja, alama nzima inabadilika. Ni utambulisho mzuri kupita kiasi. Mashine inaupenda, ila jaribu kumsomea mtu kwa simu herufi 40 huku daladala ikipiga honi nyuma yako. Hapo ndipo jina linapohitajika. Matawi nayo yana majina, lakini jina la tawi ni kama jina la foleni: kila komiti mpya ikija, jina linasogea mbele liwe lake. Jina la tagi linabaki lilipowekwa. Kwa mashine tofauti ya hivi viwili ni ndogo mno, kwani vyote ni majina yaliyobandikwa kwenye namba. Kwa watu tofauti ni kubwa. Tawi linakuambia kazi imefika wapi leo, na tagi ni neno ambalo mtu amelitoa na anatarajiwa kusimama nalo.

Git ina tagi za aina mbili, na hapa ufundi unaanza kuonekana. Ya kwanza ni nyepesi. Ni faili ndogo ya baiti 41, zile herufi 40 na alama ya kumaliza mstari, iliyowekwa kwenye folda ya majina. Haisemi nani aliiweka, lini, wala kwa nini. Inafaa kwa mambo ya binafsi: unataka kukumbuka ulipoishia kabla ya kwenda kula, unabandika jina, ukirudi unalifuta. Ya pili ina mwili wake. Ni kitu kamili ndani ya hazina, chenye alama yake ya peke yake, na ukikifungua unakuta mistari michache: kinaelekeza kwenye nini, kitu hicho ni cha aina gani, jina la tagi, nani aliyeiweka na saa ngapi. Unafuata mstari mtupu, kisha maneno ya mwenyewe. Tagi za mwanzo kabisa za kerneli, zile za 2005, hazina ule mstari wa aliyeiweka. Kifaa chenyewe kilikuwa hakijakomaa, na vikaguzi vya leo hulalamika vikifika hapo. Nikiyaona malalamiko hayo huwa nafurahi, kama mtu anayeona nyumba ya zamani ambayo fundi alisahau kuweka kitasa cha dirisha moja, na dirisha likazoeleka hivyo.

Maneno ya mwenyewe ndiyo sehemu ninayoisoma kwanza. Wengi huandika jina la toleo tu, mara ya pili, kama mtu aliyeulizwa jina akarudia jina. Si kosa. Torvalds mwenyewe kwenye matoleo makubwa huandika neno moja na namba, akamaliza. Lakini nimewahi kufungua tagi ya maktaba ndogo isiyojulikana nikakuta aya tatu tulivu: kilichobadilika, kitakachomsumbua anayetoka toleo la nyuma, na jambo moja ambalo mwandishi alijua halijakaa sawa akaamua kulitoa hivyohivyo. Mtu huyo alikuwa akimwandikia msomaji atakayefika miaka saba baadaye, usiku, akiwa na tatizo. Mimi ndiye nilikuwa msomaji huyo.

Baada ya kuweka tagi, kuna kushirikisha wengine, na hapa Git humkera kila mgeni. Unaandika amri ya kusukuma kazi yako kwenye seva, kazi inakwenda, tagi haiendi. Inabaki kwenye kompyuta yako kama barua iliyoandikwa, ikafungwa, ikaachwa mezani. Mara yangu ya kwanza niliwatangazia wenzangu kwamba toleo liko tayari, nikafunga kompyuta, nikaenda zangu. Jioni mwenzangu wa Mwanza akapiga simu. "Kaka, nimevuta mara tatu, hilo toleo unalosema mimi silioni." Nikamwambia avute tena. Akavuta. "Kaka, hakuna kitu." Nilimlaumu mtandao, nikamlaumu yeye kimoyomoyo, na mwisho nikagundua kwamba tagi ilikuwa imelala kwenye begi langu.

Siku zile niliuona huu ni usahaulifu wa waliotengeneza kifaa. Sasa naona wamenipa muda. Kwenye mfumo wa kugawana namna hii hakuna daftari moja kuu. Kila mwenye nakala ana historia nzima, na kila nakala ni sawa na nyingine. Jina likishatoka mkononi mwako likaingia kwenye nakala za watu 500, huna njia ya kulifuata huko. Kwa hiyo kifaa kinakulazimisha uombe kwa kusudi. Unaweza kutaja tagi moja kwa jina na kuisukuma. Unaweza kusukuma zote kwa mkupuo, jambo ambalo nawakataza vijana, maana pamoja na bikoni watapeleka hadharani vile vijibandiko vyao vya kukumbukia chakula cha mchana. Na kuna njia ya katikati, ile ya --follow-tags, ambayo naiona ndiyo yenye adabu zaidi: husukuma kazi pamoja na tagi zenye mwili tu, tena zile tu zinazoelekeza kwenye komiti zinazofikiwa na kazi inayokwenda. Nyepesi zinabaki nyumbani. Aliyeibuni alikuwa ameelewa kwamba mtu aliyejisumbua kuandika maelezo ndiye aliyekusudia kusikika.

Upande wa kupokea nao una tabia yake. Ukivuta kazi kutoka kwa mwenzako, Git hukuletea pia tagi zinazohusu komiti ulizozivuta, bila kuziomba, kwa hoja kwamba ukinunua kiwanja utataka na bikoni zake. Lakini jina ambalo tayari unalo haliguswi. Tangu Git 2.20, ya Desemba 2018, ukivuta ukakuta jina ulilo nalo limehamia mahali pengine kwa mwenzako, kifaa kinakataa kulibadilisha mpaka utie nguvu kwa makusudi. Mwongozo wa amri ya tagi una sehemu nzima juu ya jambo hili, na sauti yake si ya kawaida ya miongozo. Unakuambia kwa uwazi: kama umekosea na bado hujashirikisha mtu, badilisha upendavyo. Kama watu wameshaipata, chenye akili ni kukiri kosa na kutoa jina jipya, hata kama ni la aibu. Kuhamisha jina kimyakimya kunahesabiwa ni wendawazimu, kwa kuwa watu wawili watakuwa na toleo lenye jina moja na vitu viwili tofauti ndani, na kila mmoja ataapa kwamba yuko sahihi.

Mfano ninaoupenda ni wa kerneli yenyewe. Jumapili ya tarehe 28 Februari 2021 Torvalds aliweka tagi ya v5.12-rc1, toleo la kwanza la majaribio la mzunguko ule. Siku hiyo ni muhimu kwa kalenda ya wengine wengi, kwani wasimamizi wa sehemu mbalimbali za kerneli wana mazoea ya kuanzisha matawi yao ya kazi mpya juu ya rc1. Ndani yake kulikuwa na kosa baya. Kompyuta inayotumia faili kama kumbukumbu ya ziada, badala ya kutengewa sehemu yake maalumu ya diski, ilikuwa ikiandika data mahali pasipo pake. Badala ya kuandika ndani ya faili ile, iliandika juu ya vitu vingine vilivyokuwa kwenye diski. Mtu angeweza kuwasha mashine yake kujaribu toleo jipya, akapoteza kila kitu.

Tarehe 3 Machi aliwaandikia watu kuwaonya. Kosa lilikuwa limesharekebishwa, lakini bikoni ilikuwa ardhini na watu walikuwa wamekwisha kupimia hapo. Alichofanya ni kulitoa jina la v5.12-rc1 kwenye hazina yake na mahali palepale akaweka jina jingine: v5.12-rc1-dontuse, yaani usiitumie. Kisha akatoa rc2 siku ya Ijumaa, hakungoja Jumapili yake ya kawaida, na akawasihi wasimamizi wasijenge tawi lolote juu ya ile rc1.

Nimetafakari sana hatua ile. Jina la v5.12-rc1 halikupewa komiti nyingine iliyo safi, ingawa kufanya hivyo kungekuwa kazi ya sekunde mbili. Waliokuwa nalo waliendelea kuwa nalo, likiwa na maana ileile. Bikoni haikuhama, ila ilipakwa rangi nyekundu. Na hofu yake kubwa ilikuwa ya baadaye: kazi ya kuwinda kosa kwenye Git hufanywa kwa kuikata historia katikati, unajaribu, unakata tena. Matawi mengi yakiota juu ya rc1, mwindaji wa mwaka kesho angejikuta akiwasha komiti yenye sumu kwenye mashine yake bila kujua. Onyo lililoandikwa ndani ya jina ndilo pekee lenye uhakika wa kumkuta.

Kuna upande mwingine wa bikoni: ni nani aliyeifukia? Agosti 2011 iligundulika kwamba seva za kernel.org, ghala kuu la msimbo wa Linux, zilikuwa zimevamiwa. Historia yenyewe haikuwa na wasiwasi mkubwa, kwani zile alama za herufi 40 zingepiga kelele mtu akigusa chochote cha nyuma, na nakala zilikuwa zimetapakaa kwenye maelfu ya kompyuta. Swali gumu lilikuwa la kesho: msimamizi akisema "vuta kazi yangu kutoka seva fulani", utajuaje kwamba kilichoko huko ndicho alichokiweka? Jibu likawa tagi. Git 1.7.9, ya Januari 2012, chini ya Junio Hamano anayeitunza Git tangu Julai 2005, iliwezesha jambo la kupendeza. Msimamizi anaweka tagi juu ya kazi yake, ndani anaeleza kilichomo, anaitia sahihi kwa ufunguo wake wa siri. Torvalds akiivuta, kifaa kinahakiki sahihi, maelezo ya tagi yanaingia moja kwa moja kwenye ujumbe wa kuunganisha, na tagi nzima pamoja na sahihi yake inanakiliwa ndani ya komiti ya muungano. Baada ya hapo tagi yenyewe inaweza kufutwa. Imeshakuwa sehemu ya ukuta. Mtu atakayekuja miaka 20 baadaye atahakiki sahihi ya mtu aliyestaafu zamani, bila kumwomba yeyote karatasi.

Hamano naye ana tagi yake ya ajabu ndani ya hazina ya Git, junio-gpg-pub, ambayo haielekezi kwenye komiti wala kwenye mpangilio wa faili. Inaelekeza kwenye ufunguo wake wa wazi. Ukinakili Git, unapata na ufunguo wa kuhakikia tagi zake. Wadadisi watauliza: kama mwizi ndiye aliyenipa begi, ufunguo uliomo ndani utanisaidia nini? Swali zuri, na jibu lake ni kwamba ufunguo uutafute na kwingine pia. Lakini wazo la kutumia tagi kutaja kitu kisichokuwa hatua wala toleo, eti kwa kuwa kinastahili jina la kudumu, lilinifundisha kwamba kifaa hiki ni kipana kuliko tunavyokitumia.

Bikoni zinazohamishwa usiku nazo zipo. Machi 2025 zana moja kwenye GitHub iitwayo tj-actions/changed-files, iliyokuwa ikitumika kwenye hazina zaidi ya 23,000, iliingiliwa. Mshambuliaji hakuhitaji kutoa toleo jipya. Alizichukua tagi za matoleo ya zamani, yale ambayo watu waliyaamini kwa muda mrefu, akazielekeza kwenye komiti yake moja inayomwaga siri za watumiaji kwenye kumbukumbu za mitambo ya kujengea programu. Mitambo iliyokuwa imeandikiwa jina ilifuata jina. Iliyokuwa imeandikiwa zile herufi 40 kamili iliendelea na kazi yake. Tangu siku hiyo, ninapotumia kazi ya mtu baki naandika herufi 40, na jina naliweka pembeni kwa ajili ya macho yangu.

Mercurial, mfumo mwingine wa aina ya Git, uliozaliwa Aprili hiyohiyo ya 2005 kwa kisa kilekile cha BitKeeper, ulilitatua suala la majina kwa namna nyingine kabisa. Tagi zake zimo ndani ya faili ya kawaida, .hgtags, kila mstari na alama yake na jina lake, na faili hiyo inahifadhiwa kama faili nyingine. Kuweka jina kwenyewe ni komiti. Kwa hiyo linasafiri pamoja na kazi bila kuombwa, na mwenzangu wa Mwanza asingepiga simu. Ukilihamisha, mstari mpya unaongezwa chini na ule wa zamani unabaki ukisomeka. Ukilifuta, unaandikwa mstari wa sifuri tupu. Ni daftari la mwenyekiti wa mtaa, hakuna karatasi inayochanwa. Ugeni wake ni kwamba jina linaandikwa kwenye komiti inayofuata ile inayotajwa, kwa hiyo ukichukua nakala inayoishia kwenye toleo lenyewe, jina lake hulikuti humo. Cheti cha kuzaliwa hakiwezi kuandikwa kabla ya mtoto. Nauheshimu uaminifu wa daftari lile. Hata hivyo moyo wangu uko kwa Git, kwa sababu ya ule muda wa barua kukaa mezani.

Kuna amri moja ambayo sijaitaja, git describe. Ukiwa umesimama kwenye komiti yoyote, inakuangalizia bikoni ya karibu nyuma yako na kukupa jibu la namna hii: v1.0.4-14-g2414721. Yaani, kutoka tagi ya v1.0.4 zimepita komiti 14, na alama ya ulipo inaanza na 2414721. Ile g ya katikati ni ya Git. Kwa kawaida yake inapimia kutoka kwenye tagi zenye mwili tu. Zile nyepesi inazipita kama hazipo. Programu zangu zote nazifunga kamba hiyo zinapotengenezwa, ionekane kwa herufi ndogo kwenye kona ya chini ya skrini ya kwanza.

Mwaka jana binti mmoja mhasibu, huko Mtwara, alinitumia picha ya skrini iliyokuwa ikikataa kufunga mahesabu ya mwezi. Picha ilikuwa na ukungu, nusu yake ni kivuli cha mkono wake. "Shikamoo baba, samahani kwa usumbufu, imeganda hapa." Niliikuza ile kona mpaka herufi zikasomeka, nikaziandika kwenye kompyuta yangu. Msimbo ukarudi kama ulivyokuwa siku ile, komiti 9 baada ya tagi niliyoiweka kabla ya Ramadhani, na kosa lake lilikuwa limekaa mstari wa tatu.